Mustang, Camaro nazo zina refa wao

KUNA refa mmoja jimbo la California, Marekani, ambaye hajawahi kupuliza kipenga. Hana kadi ya njano wala nyekundu, na washika vibendera hana. Kazi yake ni kufunua boneti, kumulika tochi, kufuata mpira mmoja mmoja wa hewa unakoanzia na unakoishia, kusoma namba zilizogongwa kwenye injini, halafu anaamua: gari hili linarudi barabarani, au linarudi gereji kufunikwa turubai.

Wala sio jina la utani. Kwenye utaratibu wa serikali ya jimbo hilo cheo chake ni Referee, mwamuzi, kama huyu wa kila wikiendi uwanjani. Kituo cha kawaida cha kupima moshi wa magari kikishindwa kuelewana na mteja, au kikipokea gari ambalo injini yake siyo ile lililotoka nayo kiwandani, kesi inapanda kwake.

Wanaomjua vizuri ni wamiliki wa magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya mbio: Chevrolet Camaro, Ford Mustang, Pontiac Firebird, Corvette, na zile Buick nyeusi za turbo. Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Kwa asili ni gari la kawaida la milango miwili ambalo limewekewa injini kubwa kupita kiasi, mara nyingi silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Likiwashwa asubuhi, mtaa mzima unajua fulani anaenda kazini. Aliyeangalia filamu za Fast & Furious analifahamu moja, ile Dodge Charger nyeusi ya 1970 ya Dominic Toretto.

Charger ile ingekuwa ya mtu wa Los Angeles leo, isingepelekwa kupimwa moshi hata siku moja. Lakini Pontiac Trans Am ya 1977, kama ile nyeusi ya Burt Reynolds kwenye Smokey and the Bandit, lazima ipimwe kila baada ya miaka miwili, la sivyo mwenyewe hapati usajili mpya. Magari hayo mawili yamepishana miaka saba tu. Katikati ya miaka hiyo saba kuna mstari mmoja uliochorwa na wanasiasa, na ugomvi wake ulikuwa bado uko bungeni mwaka 2025.

PASADENA KABLA YA BAGGIO

Shabiki wa soka akitajiwa Pasadena anakumbuka kitu kimoja. Julai 17, 1994, Uwanja wa Rose Bowl, jua la mchana linachoma, Roberto Baggio anapaisha mpira juu ya mtambaa wa panya na Brazil inabeba Kombe la Dunia kwa penalti 3-2.

Mji huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiko lilikopatikana jibu la swali lililokuwa limewasumbua wakazi wa Los Angeles kwa karibu miaka kumi. Julai 26, 1943 jiji lilifunikwa na ukungu mzito uliowasha macho na kukaba koo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inapigwa, na wapo walioamini kabisa kwamba Wajapani wamemwaga kemikali. Baadaye lawama zikaangushiwa kiwanda kimoja kilichohusika na utengenezaji wa mpira. Kikafungwa, ukungu ukabaki pale pale.

Aliyeutegua mtego ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha chuo cha Caltech. Jamaa alikuwa bize na mambo ya harufu ya mananasi, akageuza vifaa vyake kuichunguza hewa ya mjini. Aligundua kwamba mvuke wa petroli ambayo haikuungua ukichanganyika na gesi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini, kisha jua likapiga, inazaliwa ozoni. Hiyo ndiyo inayowasha macho na kubana kifua, na inapasua hata mpira wa tairi. Los Angeles ina jua la kumwaga, ina magari ya kumwaga, imezungukwa na milima, na hewa ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Kila kitu kilichohitajika kilikuwepo.

Kampuni za magari zilibisha kwa miaka. California haikusubiri wakubaliane. Ilianza kudai vifaa vya kupunguza hewa chafu kwenye magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaweka viwango vya moshi wa ekzosi kwa magari ya 1966, miaka miwili kabla ya nchi nzima, na mwaka 1967 gavana Ronald Reagan akasaini sheria ya kuunda bodi ya hewa ya jimbo, inayojulikana kama CARB. Mwenyekiti wake wa kwanza? Haagen-Smit, yule wa mananasi.

Desemba 31, 1970 Rais Richard Nixon naye akasaini sheria ya hewa safi ya nchi nzima. Iliwataka watengenezaji wapunguze hewa chafu ya magari mapya kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Tarehe zilisogezwa mara kadhaa, lakini Detroit ilijua sherehe imeisha. California ikabaki jimbo pekee lenye ruhusa ya kuandika viwango vyake yenyewe, vikali kuliko vya taifa.

KUTOKA 300 HADI 165

Hapa ndipo wapenzi wa magari haya huanza kutoa machozi. Corvette ya kawaida ya 1970, ile ya bei ya chini kabisa, ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 300. Corvette ya kawaida ya 1975 ilikuwa na farasi 165. Ukiambiwa hivyo bila maelezo unaona kama straika wa mabao 30 amerudi na mabao 16, na wa kulaumiwa ni serikali.

Ukweli una kona zake. Mpaka 1971 kampuni zilipima injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, mtupu, bila chujio la hewa, bila ekzosi ya gari, bila feni. Ni kama kuhesabu mabao ya mazoezini. Kuanzia 1972 zikaanza kupima injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote, kama inavyokaa ndani ya gari. Mwaka 1971 General Motors ilichapisha hesabu zote mbili kwa pamoja, na injini ile ile ya Corvette ya kawaida ikasomeka farasi 270 kwa hesabu ya zamani na 210 kwa hesabu mpya.

Kwa hiyo kati ya farasi 135 waliopotea, 60 walifia kwenye karatasi. Hawakuwepo barabarani tangu mwanzo. Waliobaki ndio walipotea kweli: 30 wakati mgandamizo wa injini uliposhushwa mwaka 1971 ili ikubali petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, na 45 kati ya hapo na 1975.

Nayo haikuwa kazi ya sheria za moshi peke yake. Kampuni za bima zilikuwa zimeshawapandishia bei vijana wenye magari hayo hadi wengine wakayauza, na mwaka 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta. Hata bila CARB, gari la kunywa mafuta namna ile lilikuwa linaelekea benchi.

Lakini wa California walikula kadi mbili. Mwaka 1977, wakati wengine wakiuziwa Trans Am yenye injini ya Pontiac ya inchi za ujazo 400 na farasi 200, wao walipewa injini ya Oldsmobile yenye farasi 185. Mwaka 1980 ikawa balaa zaidi: Corvette za California ziliuzwa na injini ndogo ya inchi 305, farasi 180, gia za kujiendesha zenyewe tu. Corvette, gari la fahari ya Marekani, bila gia za mkono. Wapo ambao hawajasamehe mpaka leo.

KIKOSI CHA CHINI YA BONETI

Ukifunua boneti ya gari la Kimarekani la nusu ya pili ya miaka ya 1970, unakuta mipira myembamba mingi kama tambi. Kila mmoja una kazi, na refa anaijua kazi ya kila mmoja.

Kuna valvu inayovuta mvuke mchafu wa chini ya injini na kuurudisha ukaunguzwe, badala ya kuachiwa hewani. Kuna valvu nyingine inayochukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha ndani ya silinda ili kupoza moto, kwa sababu joto likizidi ndipo zinapozaliwa zile gesi za nitrojeni. Kuna kopo lenye mkaa linalonasa harufu ya petroli ya kwenye tangi gari likiwa limeegeshwa. Magari mengine yana pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inasukuma hewa safi kwenye ekzosi ili mafuta yaliyobaki yamalizikie kuungua huko.

Halafu kuna masega. Fundi yeyote wa Dar anayajua kwa jina hilo, na wezi pia, kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya. Kwa macho ni kopo la chuma kwenye bomba la moshi, lenye vitundu kama nyumba ya nyuki, na moshi ukipita humo sumu zinageuzwa kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Magari mengi mapya ya Marekani yalianza kuyavaa kwa modeli za 1975.

Masega yana adui mmoja mkubwa, risasi iliyokuwa inatiwa kwenye petroli ili injini isigonge. Risasi ikipita inayaziba na kuyaua. Ndiyo maana petroli isiyo na risasi iliingia vituo vya Marekani sambamba na masega. Petroli ya risasi ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani nchini humo Januari 1, 1996. Afrika kusini mwa Sahara ilimalizana nayo miaka kumi baadaye, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaiacha mwaka 2021. Tangazo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu Nairobi. Mwenye Chevelle ya 1969 naye ilimgusa: injini ile ilitegemea risasi kulinda makalio ya valvu, kwa hiyo ikifunguliwa kwa matengenezo mafundi huweka makalio ya chuma kigumu zaidi.

SIKU YA KUPIMWA

Utaratibu wa sasa wa California, Smog Check, ulianza mwaka 1984. Gari la modeli ya 1976 hadi 1999, kwenye maeneo ya miji mikubwa, linapandishwa kwenye rola na kuendeshwa hapo hapo lilipo kwa mwendo wa kama kilomita 24 kwa saa, kisha 40, huku mashine ikinusa moshi wa ekzosi. Magari ya 2000 kuja juu yanachomekwa waya tu, kompyuta yao inajieleza.

Kwa gari la zamani rola ni nusu ya mtihani. Nusu nyingine ni macho. Fundi anatazama kama kila kifaa kilichotoka na gari kiwandani bado kipo, kimefungwa na kinafanya kazi. Kifaa kimoja kikikosekana, gari limefeli, hata kama moshi wake ni msafi kuliko wa jirani.

Hapo ndipo maumivu yalipo. Valvu ya gari la 1978 iliyoacha kutengenezwa zamani inatafutwa kwenye makaburi ya magari, kwa mtu wa tatu wa rafiki wa rafiki, na bei anayotaja ndiyo hiyo hiyo. Masega mapya nayo sio ya kuokota popote. California inataka yaliyoidhinishwa na CARB kwa aina ile ya gari na injini ile. Yanayokubalika majimbo mengine hapo hayapiti.

Vifaa vya kuongeza mwendo vina sheria yake. Mtu akitaka kuweka ekzosi ya mabomba marefu au mlango mpana wa hewa wa injini, kifaa hicho kiwe na namba ya kibali cha CARB, ambayo kwa kawaida huanza na herufi D, na ionekane kwenye stika au kwenye chuma chenyewe. Kampuni kubwa za vifaa hulipia majaribio na kupata namba. Ndogo nyingi huandika kwenye boksi kwamba ni kwa matumizi ya mashindano tu, halafu zinamwachia mteja msalaba wake.

Kuna jambo wengi wanalikosea. Gari la 1975 kurudi nyuma halipimwi, lakini kutopimwa sio ruhusa ya kung'oa. Sheria ya taifa inakataza kutoa vifaa vya hewa safi kwenye gari lililotoka navyo, na ya California inakataza pia. Mwenye Camaro ya 1974 aliyetupa vifaa vyake ameotea tu, ila hakuna mshika kibendera pale. Walio huru kweli ni wenye magari ya kabla ya viwango: 1965 na nyuma kwa yale ya California, 1967 na nyuma kwa mengine.

MSTARI ULIOACHA KUTEMBEA

Kwa nini 1976? Hakuna sababu ya kiufundi hata moja. Mwaka 1997 wabunge wa California walipitisha msamaha unaotembea: gari likifikisha miaka 30, linaachiwa. Kila mwaka kundi jipya lingetoka. Mwaka 2004 wakabadili mawazo, na gavana Arnold Schwarzenegger, mtu aliyekuwa anajulikana kwa kupenda Hummer, akasaini. Kuanzia Aprili 2005 mstari ukagandishwa. Waliokwishavuka, modeli za 1975 na za nyuma yake, wakabaki huru. Wengine wote wakafungiwa mlango, milele.

Majimbo mengine yana mambo yao. Florida iliacha kupima moshi mwaka 2000. Texas inapima kwenye baadhi ya wilaya zake tu, na gari likifikisha miaka 25 halimo. Arizona, kwenye maeneo ya Phoenix na Tucson, inapima hata magari ya 1967, ila mwenye bima ya gari la makumbusho anaweza kusamehewa. Trans Am ile ile, ukiihamisha jimbo, inahama na kesi yake.

Mwaka 2025 mchekeshaji na mtangazaji wa zamani wa televisheni Jay Leno, mwenye gereji maarufu iliyojaa magari ya zamani kule Burbank, aliamua kuingia uwanjani mwenyewe. Alikwenda Sacramento kutetea muswada namba SB 712 wa seneta Shannon Grove, ambao watu waliubatiza Sheria ya Leno. Ulitaka gari lenye miaka 35 na kuendelea, lililokatiwa bima ya gari la makumbusho, lisipimwe tena. Hoja yake ilikuwa rahisi: magari haya ni machache, yanatunzwa kama mayai, hutoka Jumapili na kwenye maonyesho.

Seneti ikaupitisha. Agosti mwaka huo huo muswada ukafika kamati ya matumizi ya bunge la chini, na hapo ukazimwa. Haukupelekwa hata kupigiwa kura ukumbini.

Upande wa pili nao sio wa kubezwa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema gari jipya la leo ni safi kwa asilimia 98 hadi 99 kwa sumu nyingi za ekzosi ukilinganisha na la miaka ya 1960. Piga hesabu: gari moja la wakati ule ambalo halijaguswa, kwa kilomita ile ile, linachafua sawa na mapya 50 hadi 100. Na miaka 35 haikamati Trans Am peke yake. Inakamata pia gari la kawaida kabisa la 1990 ambalo mwenyewe anakwenda nalo kazini kila siku, akipata mtu wa kumkatia bima ya makumbusho. Mtoto mwenye pumu anayeishi kando ya barabara kuu ya Los Angeles haulizi gari limetoka mwaka gani.

Kilichopo sasa ni nusu mkate, na hapa refa anarudi kazini. Gari la miaka 35 lenye bima hiyo linaweza kupelekwa kwake moja kwa moja. Refa hatahesabu vifaa. Atapima moshi kwa kiwango cha mwaka wa gari, ataangalia mfuniko wa tangi, atatafuta kama petroli inavuja popote. Moshi ukiwa msafi, umepita, hata kama pampu ya hewa ilitupwa enzi za Pele yupo New York Cosmos. Kwa gari la zamani, utaratibu huu una akili kuliko ule wa kuhesabu mipira. Unauliza swali la hewa na unalijibu kwa hewa. Ubaya ni kwamba lazima uende kwa refa, na bado kila baada ya miaka miwili.

NA WANAOKIMBIA KWELI?

Gari lililojengwa kwa ajili ya uwanja wa mbio tu halihusiki na haya. Kesi ni la barabarani linalogeuzwa la mashindano, na hivyo ndivyo vijana wengi wa Marekani wanavyoanza. Mwaka 2015 EPA iliweka kwenye rasimu ya kanuni maneno yaliyosomeka kwamba kugeuza hivyo ni kosa, hata kama gari halitakanyaga barabara tena. Kelele zilizopigwa sio za kawaida, na Aprili 2016 maneno yakaondolewa. Muswada wa kuliweka jambo hilo sawa kisheria, RPM Act, ulifikishwa bunge la taifa mwaka huo huo wa 2016 na ukarudishwa tena na tena miaka iliyofuata. EPA nayo ikageuzia makali kwa wanaouza vifaa na programu za kuzima mifumo ya hewa safi.

Na kwa nini wakali hivyo? Shabiki wa Bundesliga anaweza kujibu. Mei 30, 2015 VfL Wolfsburg iliichapa Borussia Dortmund 3-1 na kubeba Kombe la Ujerumani, Kevin De Bruyne akiwa moto. Mwisho wa Agosti akauzwa Manchester City. Septemba, mwenye timu, kampuni ya Volkswagen, akabanwa na EPA pamoja na CARB: magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua kwamba yako kwenye mashine ya vipimo, yanajifanya watoto wazuri, yakirudi barabarani yanaachia moshi. Mwaka 2016 Volkswagen ilikubali makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 14 Marekani peke yake. Tangu hapo mtu mwenye kifaa cha kudanganya vipimo hapati huruma, awe bilionea wa Ujerumani au fundi wa uani.

SHERIA ILIYOWAPA BAO

Wenye magari hawapendi kuambiwa hili, lakini sheria zile zile ndizo zilizorudisha mwendo. Masega ya kisasa hufanya kazi vizuri pale tu hewa na mafuta vinapochanganywa kwa kipimo sahihi, hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo moja. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho kila sekunde. Ikabidi waje na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kompyuta, na sindano za kupuliza mafuta. Vikishakuwepo hivyo, injini unaweza kuiambia chochote.

Mfano mtamu ni Mustang ya 5.0. Kwa modeli ya 1988, za California zilipewa kifaa cha kupima uzito wa hewa inayoingia kwenye injini, mwaka mmoja kabla ya majimbo mengine, kwa ajili ya moshi. Vijana wa mbio wakagundua kwamba Mustang yenye kifaa hicho ukiibadilishia vyuma vya ndani inajirekebisha yenyewe, wakati ile ya zamani inachanganyikiwa. Miaka yote California ilikuwa inauziwa gari legevu, safari hii ikapata lililo bora.

Mwaka mmoja nyuma yake Buick ilitoa GNX, nyeusi tii, magari 547 tu, silinda sita na turbo, farasi 276 kwenye karatasi ya kiwanda. Ilikuwa na masega na sindano. Mwaka 2015 Dodge ikaleta Challenger Hellcat ya farasi 707, nayo ina masega na inapita viwango. Ile Hemi ya kutisha ya 1970, bila masega, kwa hesabu ya mazoezini, ilitangazwa farasi 425.

Kwa mwenye Camaro ya 1978 aliyechoka kuwinda valvu kwenye makaburi ya magari, njia ya kisheria ni hiyo hiyo ya kwenda mbele. California inaruhusu kubadili injini, kwa masharti: isiwe ya zamani kuliko gari, iwe ya aina ile ile ya chombo, isije ya lori kwenye gari dogo, na ije na vifaa vyake vyote vya hewa safi, kuanzia kopo la mkaa hadi masega. Chevrolet yenyewe inauza injini ya LS3 kwa mfumo inaouita E-ROD, ndani ya boksi ikiwa na kompyuta, sensa na masega, kibali cha CARB kimeshapatikana. Farasi 430. Camaro Z28 ya 1978 ilitoka kiwandani na 185.

Ikishafungwa, gari linapelekwa kwa refa. Anafunua boneti, anamulika, anafuata waya na bomba moja moja, anasoma namba. Akiridhika anabandika lebo kwenye nguzo ya mlango inayoeleza injini iliyomo ni ya mwaka gani na inatakiwa kuwa na nini. Kuanzia siku hiyo kituo chochote cha kawaida kinaipima kwa kuisoma lebo hiyo.